Mwisho Uliochapwa Ofisi ya Maziwa

Vilasini wa maktaba ya Chaliyode alianza kudanganya mwezi wa Machi, na kufikia mvua za Juni alikuwa ameshazoea. Nasema hivi kwa mapenzi, maana namjua tangu anasukwa mikia miwili. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, hajawahi kupoteza kitabu cha watu hata kimoja, anakaa mbele ya kompyuta ya maktaba alasiri nzima na kumtungia marehemu maneno ambayo marehemu hakuyasema.

Marehemu huyo alikuwa mwandishi wa riwaya, mtu wa kaskazini kama sisi, na riwaya yake ilikuwa juu ya mwanamke aitwaye Kuttimalu. Maktaba yetu ilikuwa na nakala moja tu, na mchwa walikuwa wameshakula kurasa kumi na tisa za mwisho. Vilasini aliziandikia barua maktaba za wilaya nzima. Hakuna iliyokuwa na nyingine. Kitabu kinakatika Kuttimalu akiwa amekaa kwenye benchi la stesheni, sanduku la bati miguuni, treni imeshasikika kwa mbali, naye hajaamua kama atapanda aende kwa wanawe au atarudi nyumbani kwake. Baada ya hapo ni unga wa mchwa.

Ungekuwa msiba wa kitabu tu, kama si Bibi Parukutty.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua maktaba, Vilasini hutembeza vitabu majumbani kwa mfuko wa kitambaa, nyumba hadi nyumba, na nyumba ya mwisho ni ya Bibi Parukutty, miaka themanini na mmoja, ulimi wake mkali na miguu yake mibovu. Ujanani bibi huyu alisokota sigara za majani kiwandani. Enzi hizo wasokotaji walikuwa na msomaji wao. Kila mmoja alimsokotea sehemu ya fungu lake la siku ili yeye akae kwenye kiti kirefu awasomee kwa sauti, gazeti asubuhi na riwaya mchana. Ndivyo Parukutty alivyokutana na Kuttimalu, akiwa na miaka kumi na tisa na majani mapajani. Walipofika pale kwenye benchi la stesheni, mgomo ukaanza. Kiwanda kilifungwa miezi minne, na kilipofunguliwa msomaji alikuwa ameshahamia mji mwingine na kitabu chake. Miaka sitini na miwili bibi wa watu amekaa na yule mwanamke pale stesheni, hajui alipanda au hakupanda.

Macho yake yalipofifia, Vilasini akaanza kumchapia riwaya ile upya, sura moja kila wiki, kwa herufi kubwa kama punje za mahindi. Bibi alisoma barazani kwa kioo cha kukuzia, midomo ikimchezacheza. Mwezi wa Machi, sura zikiwa zimebaki chache, aliinua uso na kuuliza, "Na mwisho upo?"

"Upo, Bibi," alisema Vilasini.

Huo ndio uongo wenyewe. Ulimtoka bila kupangwa, na baada ya hapo hakuwa na njia isipokuwa kuuandika.

Jumatatu moja Bibi Parukutty alimwambia kwamba mwanawe Dinesan amepiga simu. Jumamosi anakuja kumchukua wakaishi Nagpur, mji wa mbali, kwenye nyumba yake ya ghorofa ya nne, na nyumba ya Chaliyode itafungwa. Alisema hivyo akitazama uani, kwenye kisima. Kisha akasema, "Basi huo mwisho uje kabla ya Jumamosi. Sitaki kufa huko nikiwa bado niko stesheni." Vilasini alicheka kwa adabu, akatembea hadi maktaba akiwa hasikii mvua inayomlowesha.

Siku hiyo hiyo, kwenye kona ya skrini, kompyuta ikamwambia kuna toleo jipya la mfumo.

Kompyuta ile ni ya Linux, mfumo wa bure usio na mwenyewe mmoja, na Linux kijijini kwetu ni Mwalimu Sukumaran. Alifundisha hisabati miaka thelathini, na shule zilipohamia huko alipata imani ambayo hekaluni hakuwahi kuipata. Yeye ndiye aliyeiweka pale maktabani, yeye ndiye mwenye kuitwa, na alikuwa amemwagiza Vilasini asikatae toleo jipya hata siku moja, kwani ni kazi ya mikono ya maelfu ya watu walioitoa bure. Vilasini, ambaye hawezi kukataa kazi ya mikono ya mtu, alibofya Kubali. Ilichukua saa mbili. Mvua ilipiga vigae, mstari wa buluu ukatambaa kwenye skrini polepole, na yeye alisinzia shavu likiwa mkononi, akaota yuko ndani ya treni tupu inayopita juu ya mashamba ya mpunga, na viti vyote vimekaliwa na vitabu.

Alipofumbua macho, kila kitu kilikuwa mahali pake na hakikuwa. Rangi ya nyuma imegeuka zambarau, maandishi yamenenepa kidogo. Faili lake lilikuwepo. Aliandika ukurasa uliobaki, Kuttimalu akainuka kwenye benchi, mvua ikamtisha, akabeba sanduku lake na kurudi nyumbani. Vilasini akafuta machozi kwa ncha ya sari, akabofya Chapa.

Printa ya maktaba ikakaa kimya. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri tu. Kwenye skrini kukaandikwa: Imekamilika.

Alitazama trei. Hakuna kitu. Alichomoa waya akauchomeka tena, akabofya. Imekamilika. Aliizima printa, akahesabu hadi hamsini, akaiwasha, akabofya. Imekamilika. Hapo ndipo watu wa imani ile wanapopotea, na ndipo alipopotea yeye: mtu mwingine angeitilia shaka kompyuta, lakini Vilasini alifundishwa kwamba mashine hii haidanganyi, ukiielewa. Akaona kosa ni lake. Jumanne aliacha kutembeza vitabu, akarudi kwa printa tangu asubuhi, akabadilisha karatasi, akapangusa vumbi, akabofya. Na kwa kuwa hakuna mwandishi anayeweza kulitazama andiko lake bila kuligusa, kila alipochapa upya alibadilisha mwisho kidogo. Mara Kuttimalu alikumbuka kufuli ambalo hakulifunga. Mara ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Mara stesheni masta aliugua ghafla, na Kuttimalu akakaa kumpepea hadi treni ikaondoka. Mafaili yalifika saba, na kila moja aliliita Mwisho wangu, jaribio la kwanza, la pili, la tatu, hivyo hivyo. Kwenye yote saba Kuttimalu alirudi nyumbani.

Jumanne jioni alikaa akisikiliza matone. Ile Imekamilika ilikuwa inamfanyia kitu moyoni ambacho hakukitegemea. Alianza kuamini kwamba kurasa zile zimechapwa kweli, mahali fulani ambapo yeye hayupo. Aliziona zikitoka moja moja kwenye chumba kisicho na mtu, zikiwa za moto, zikipangana zenyewe sakafuni. Pengine mtu angepita akaokota moja akasoma. Wazo hilo lilimtia woga, na wakati huo huo lilimfurahisha, na furaha ile ilimwaibisha kuliko woga.

Jumatano, vitabu bado havijatembezwa, alipiga moyo konde, akampigia Mwalimu.

"Mwalimu, printa imekufa."

"Printa haifi, Vilasini. Printa hunyamazishwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu waliozitengeneza hizo za zamani walificha siri zao. Mimi nilisema mwaka ule, kwenye mkutano wa kamati, nikasema kitu usichoweza kukifungua..."

"Mwalimu, Jumamosi Bibi Parukutty anaondoka."

"...si chako. Ndiyo, nimesikia. Inasemaje?"

"Inasema imekamilika."

"Imekamilika? Haijalalamika?"

"Haijalalamika. Mara saba."

"Mara saba! Wewe mwanamke, na baada ya mara ya pili hukujiuliza?" Vilasini alisikia akivuta kiti. "Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Usiogope, haliumi. Andika ninavyokutajia. L. P. S. T. A. T. Acha nafasi. Kistari. T. Umeandika? Bonyeza, unisomee."

Vilasini alisoma kwa kidole. "Kazi zinazongoja, hakuna. Printa ya maktaba, ipo, lakini... programu yake haionekani. Printa ya chaguo la kwanza..." Akasogeza uso kwenye skrini.

"Ehe?"

"Imeandika MAZIWA-OFISINI. Maziwa gani, Mwalimu?"

Mwalimu Sukumaran alicheka hadi akakohoa. Maktaba iko ghorofani, na chini yake ni chama cha ushirika wa maziwa; jengo ni moja na waifai ni moja, tangu kamati mbili zilipokubaliana kubana matumizi. Toleo jipya, alieleza, likishaingia huangaza macho pande zote na kutafuta printa zinazokubali urafiki. Ile ya zamani lilikuwa limeiacha, maana programu ya kuiongoza haikuvuka nalo. Ya chini ilijitambulisha vizuri, nalo likaifanya chaguo la kwanza bila kumuuliza mtu. "Kwa hiyo haikukudanganya," alisema Mwalimu, na kulikuwa na fahari sautini. "Imechapa yote. Imechapa chini. Kesho nina mkutano, Ijumaa mchana nakuja kuirekebisha. Shuka ukachukue karatasi zako."

Kushuka ngazi kumi na nne kulimchukua Vilasini muda mrefu. Ilikuwa saa ya maziwa ya alasiri. Wanawake wamesimama foleni na madumu yao chini ya bati, na Omana, karani wa chama, yuko mezani na kipimo chake cha maziwa. Vilasini aliona kwanza karatasi. Zilikuwa mikononi mwa wanawake, nyingine zimekunjwa kwenye mikanda ya sari, moja imefunika ndoo.

"Huyo! Huyo anashuka!" alipiga kelele Omana. "Dada Vilasini, kumbe wewe! Tunakaa na mtu miaka yote hii anatugongea mihuri vitabuni, hatujui kama moyoni ana stesheni nzima!"

"Omana, hizo karatasi..."

"Jumatatu nilidhani ni waraka wa serikali. Nikasema, hee, tangu lini serikali inaandika 'moyo ukamzizima'? Nikawasomea hawa. Jana zikaja nyingine. Leo wamewahi foleni, wanauliza kama zimetoka mpya."

"Mimi ule wa ng'ombe ndio naupenda," alisema mwanamke mmoja. "Ng'ombe mwenye mimba humwachi."

"Yule stesheni masta hakuwa mgonjwa," alisema mwingine. "Alikuwa na lake."

Wakaangua kicheko. Vilasini naye alitamani kucheka, lakini alikuwa bado anazihesabu karatasi. "Mmejuaje ni mimi?"

Omana alifungua droo, akatoa karatasi iliyokuwa na mistari mitatu tu. Ofisi ya maziwa ina meza tatu na printa moja, kwa hiyo kila kazi hutanguliwa na ukurasa wa kuonyesha ni ya nani. Vilasini alisoma: Mtumaji, Vilasini, Maktaba. Jina la kazi, Mwisho wangu, jaribio la nne.

"Wangu," alisema Omana, akitabasamu. "Hapo ndipo tulipojua."

"Nakala ngapi zimetoka humu ndani?"

"Saba zote ziko humu humu, mikononi mwa hawa. Isipokuwa hiyo ya nne. Ya nne nilimpelekea Bibi Parukutty jana jioni, si ndiye msomaji wako? Nikamsomea yote, na karatasi hii ya juu nikamsomea, nikarudi nayo."

Vilasini alishika ukingo wa meza. Wanawake waliona uso wake, vicheko vikakatika, na Omana akainuka kumpa kiti chake, akiuliza amekosa nini, na Vilasini akasema hakuna, hakuna, akapanda ngazi, akafunga maktaba kabla ya wakati kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Alhamisi pia hakutembeza vitabu. Alimwambia wifi yake ana homa, akalala akitazama dari. Aliona aibu kama ya mtu aliyekutwa amevaa nguo za marehemu. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu, kumpa mtu kitabu kile kile alichokiomba, na yeye alikuwa amemtilia mtu aliyemwamini kuliko wote chakula alichokipika mwenyewe na kusema kimetoka jikoni kwa mwingine. Na zaidi ya aibu kulikuwa na siku. Jumamosi ilikuwa inakuja, na sasa bibi angeondoka bila mwisho wa mwandishi, na bila wake.

Ijumaa asubuhi alijikaza, akachukua mfuko.

Baraza la Bibi Parukutty lilikuwa limebadilika sura. Picha zimeshushwa ukutani, vyungu vimefungwa magazetini. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni.

"Siku tatu sijakuona," alisema. "Nani alikwambia vitabu vina likizo?"

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi."

"Kaa kwanza. Unanizibia mwanga."

Vilasini alikaa kwenye ngazi.

"Omana amenisomea," alisema Bibi. "Anasoma vibaya yule, anakimbilia mbele kama ng'ombe aliyenusa pumba. Lakini nimesikia. Mwisho wangu, jaribio la nne."

"Mchwa waliula, Bibi. Ule wa kweli. Nilitafuta kila mahali. Uliponiuliza kama upo, nikashindwa..."

"Ungeniambia ningelia siku moja, nikanyamaza. Basi. Uongo nilishakusamehe usiku ule ule. Kuna kitu kimoja sijakusamehe."

"Kipi?"

"Kwa nini hapandi treni?"

Vilasini alivuta mfuko wake magotini.

"Treni imefika. Watoto wanamngoja. Tiketi iko kwenye pindo la nguo. Wewe unamrudisha nyumbani. Omana anasema ziko saba. Kwenye zote anarudi?"

"Zote."

"Mvua. Ng'ombe. Kufuli. Hata stesheni masta wa watu umemwangusha kitandani, hana hili wala lile. Hebu nitazame. Unamzuia nani wewe?"

Kisima kilikuwa pale, na mchicha uliootea pembeni yake, na nguo ya Bibi kwenye kamba, ambayo kesho isingekuwepo. Vilasini alivitazama na akaelewa. Siku zote hizi alikuwa ameshika pindo la mama huyu mzee, anamvuta nyuma, na hakujua. Hakuwa na mtu mwingine ambaye angemngoja barazani. Alikuwa na wifi, na wapwa, na kijiji kizima cha kumsalimu. Wa kumngoja alikuwa huyu mmoja. Akainamisha kichwa akalia, bila sauti, mabega yakitikisika.

Bibi Parukutty alimwacha alie. Kisha akasema, taratibu, "Mimi naenda, Vilasini. Sitaki, na naenda. Usinitume kule na hadithi ya mwanamke aliyebaki. Nitaisomaje ghorofa ya nne?"

"Nitaandika nyingine."

"Mpandishe sasa hivi."

"Sina karatasi, Bibi."

"Mdomo unao."

Basi Vilasini akajifuta uso, akaanza kusimulia. Bibi alifumba macho, na vidole vyake, sijui kama alijua, vikaanza kusokota jani ambalo halikuwepo. Kuttimalu aliinuka kwenye benchi. Treni ilisimama, milango ikawa mingi na yote ni sawa, na yeye akachagua wa mbele yake. Sanduku lilikuwa zito.

"Nani alimsaidia?" aliuliza Bibi, macho yamefumbwa.

"Kitabuni hakuna mtu wa kumsindikiza."

"Sasa yupo. Ni nani?"

Vilasini alifikiri. "Mwanamke mmoja aliyekuwa akimletea vitabu."

"Ehe. Alisema nini?"

"Hakusema. Alimpandishia sanduku, akashuka, akasimama dirishani."

"Na treni?"

"Ikaondoka. Kwanza taratibu, mtu anaweza kutembea nayo sambamba. Akatembea nayo hadi mwisho wa jukwaa, pale sakafu inapoisha na nyasi zinapoanza. Akasimama."

"Alilia?"

"Kuttimalu?"

"Huyo aliyebaki."

"Alilia, Bibi."

Bibi Parukutty alifumbua macho. "Vizuri. Malizia hapo. Kachape hivyo hivyo, usiongeze ng'ombe. Watoto wa Dinesan hawasomi lugha yetu, kule nitakuwa msomaji na msikilizaji mimi mwenyewe. Herufi kubwa."

Mchana Mwalimu Sukumaran alifika na skuta yake, amelowa, mkoba wa plastiki kifuani. Alikuta Vilasini ameshaandika nusu. Alikaa kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo akatafuta programu ya kuiongoza printa ya zamani, akaipata, akasubiri ishuke, akaihamishia kwenye ya maktaba, na muda wote huo mdomo haukupumzika. Aliiondoa printa ya maziwa kwenye chaguo la kwanza, akairudisha ya maktaba. Kisha akatuma ukurasa wa majaribio. Printa ilinguruma tumboni, ikasita, ikavuta karatasi. Vilasini aliweka kiganja juu ya ukurasa ule ulipotoka. Ulikuwa wa moto.

"Sasa chapa riwaya yako," alisema Mwalimu.

"Si yangu. Hilo ndilo linaloniumiza. Nimemwekea mtu maneno mdomoni."

Mwalimu alivua miwani. "Wewe unadhani hii mashine imeandikwa na mtu mmoja? Mmoja aliacha kazi katikati, mwingine akaendeleza pale alipoachia. Hakuna dhambi. Sharti letu ni moja tu, na hilo halina mjadala: ukibadilisha, andika kwamba umebadilisha wewe. Usijifiche nyuma ya jina la mwenzio."

Vilasini akarudi kwenye ukurasa ule ambapo meno ya mchwa yalikuwa yameanzia, akaandika juu yake kwa herufi kubwa kama nyingine zote: Kurasa kumi na tisa za mwisho ziliharibika. Hizi zimeandikwa na Vilasini, mkutubi wa Chaliyode. Akabofya. Kurasa zikatoka moja baada ya nyingine, na Mwalimu, ambaye riwaya aliziita upotezaji wa umeme, aliokota ya kwanza ili tu kukagua wino, akaisoma hadi chini, akanyoosha mkono kupokea ya pili.

Jumamosi gari lilisimama mbele ya nyumba saa mbili asubuhi. Dinesan, mwanaume mpole mwenye haraka, alipakia mizigo akimwomba mama yake aingie, aingie, treni haingoji. Bibi Parukutty aliingizwa kiti cha mbele na kioo chake shingoni. Omana alikuwepo, na wanawake wa maziwa, na madumu yao. Vilasini alipitisha kurasa dirishani, amezishona kwa uzi mwekundu.

Bibi hakuaga. Alifungua kurasa, akaenda moja kwa moja ya mwisho, akainua kioo chake. Dinesan aliwasha gari, akazima, akawasha tena. Bibi alisoma bila haraka, midomo ikimchezacheza, na sisi sote tulisimama pale matone ya miti yakituangukia. Kisha akarudi nyuma hadi kwenye ule ukurasa wenye jina la Vilasini. Akalipitishia kidole.

"Umeandika vizuri," alisema. "Umekosea mahali pamoja."

"Wapi, Bibi?"

"Umesema aliyebaki alilia. Hujasema na wa kwenye treni alilia." Alizikunja kurasa, akazikumbatia kwa mikono miwili. "Zangu nitakumbuka mwenyewe. Nakala ya maktaba karekebishe."

Gari likaondoka, kwanza taratibu. Vilasini alitembea nalo sambamba hadi darajani, mkono kwenye ukingo wa dirisha, kisha barabara ikanyooka akauachia.

Maktaba hufunguliwa saa tisa na nusu alasiri. Siku hiyo aliifungua asubuhi. Hakuwasha taa, alikaa na nguo zake zenye maji, akatafuta mstari wa mwisho kwenye skrini, akaongeza baada yake yale maneno matano ya Bibi. Akabofya Chapa. Pembeni yake printa ya zamani ilikohoa, ikavuta karatasi.